KLPGA, JLPGA au LPGA: mcheza gofu wa kike wa Korea acheze wapi?

Mchezaji wa kulipwa wa kike nchini Korea Kusini ana mizunguko mitatu mbele yake: wa nyumbani (KLPGA), wa Japan (JLPGA) na wa Marekani (LPGA). Yote inalipa, na Wakorea wameshatamba katika yote. Shida ni kwamba kalenda zinagongana kuanzia Machi hadi Novemba, na kila chama kinataka mwanachama wake aonekane viwanjani mwake. Anayejaribu kula huku na huku kwa msimu mzima hujikuta hana pointi za kutosha popote. Lazima achague.

Kosa linalofanywa sana ni kuchagua kwa kuangalia jumla ya zawadi peke yake.

| | KLPGA | JLPGA | LPGA |
|---|---|---|---|
| Mashindano kwa mwaka | takriban 30 | takriban 37 | 30 na ushee |
| Jumla ya zawadi | zaidi ya won bilioni 30 | zaidi ya yen bilioni 4 | zaidi ya dola milioni 120 (2024) |
| Raundi kwa shindano (kila moja mashimo 18) | nyingi 3, baadhi 4 | nyingi 3, baadhi 4 | nyingi 4 |
| Fungu la mshindi | 18% | 18% | 15% kwa kawaida |
| Wanaobaki na nafasi kamili mwaka unaofuata | 60 bora | 50 bora | 80 bora |

Ukisoma mstari wa pili tu, LPGA ni tajiri kuliko KLPGA mara tano hivi. Sasa shuka hadi kwenye shindano moja la kawaida. Shindano la Korea lenye won bilioni 1 humpa mshindi won milioni 180, kama dola 130,000. Shindano la Marekani lenye dola milioni 2 humpa mshindi dola 300,000. Pengo bado lipo, ila sasa ni mara mbili na kitu. Sehemu kubwa ya utajiri wa LPGA imerundikwa kwenye mashindano machache: US Women's Open ya 2025 ilikuwa na dola milioni 12, na mshindi wa shindano la kufunga msimu, CME Group Tour Championship, alipewa dola milioni 4 mwaka 2024 na tena 2025. Asiyefika huko haoni ladha ya fedha hizo.

Mchukue anayepita mchujo wa Ijumaa (walio chini hutolewa baada ya raundi mbili) kisha akamaliza wa 65 kwenye shindano hilo la dola milioni 2. Anapata kama dola 4,000 hadi 5,000. Kutoka hapo analipa mshahara wa wiki wa kedi (mbeba fimbo wake), pamoja na asilimia yake ya zawadi (kwa desturi 5, ikipanda hadi 7 akiingia kumi bora na 10 akishinda). Kuna ndege ya kwenda jimbo lingine, hoteli ya usiku sita na kodi ya mapato. Akitolewa Ijumaa gharama ni zilezile, na kwa mashindano mengi zawadi ni sifuri. Mkorea aliyeko namba 90 Marekani anaweza kufunga mwaka na akiba ndogo kuliko mwenzake aliyeko namba 25 nyumbani.

KLPGA: nyumbani pana fedha kuliko watu wanavyodhani

Chama kilianza 1978. Leo kina ngazi tatu za vijana wanaopanda: Jump Tour chini, Dream Tour katikati, kisha mzunguko mkuu. Walio 20 bora wa Dream Tour hupanda. Walioanguka chini ya nafasi ya 60 kwenye mzunguko mkuu hupelekwa Novemba kwenye mtihani wa kupanga nafasi, ambao kwa miaka mingi umekuwa ukifanyika Muan, Jeolla Kusini, karibu na bahari. Upepo wa pale wakati huo wa mwaka haumhurumii mtu, na wengi huiogopa wiki hiyo kuliko shindano lolote la kombe.

Nguvu ya KLPGA ni wafadhili. Kofia ya mchezaji ndiyo bango kuu: hapo hukaa jina la benki, kampuni ya ujenzi au ya dhamana, na mikononi na kifuani hukaa wafadhili wadogo. Kampuni hizo zinalipa kwa sababu kila raundi inaonyeshwa mchana kwenye televisheni ya gofu, wateja wao wakiwa macho. Mchezaji huyohuyo akihamia Marekani, raundi yake inaonekana Korea usiku wa manane. Nyota mkubwa hatapungukiwa, lakini mchezaji wa kati huweza kupoteza kwenye kofia kiasi alichodhani atakiongeza kwenye zawadi.

Jambo la pili ni usafiri. Nchi ni ndogo. Viwanja karibu vyote, ukiacha vya kisiwa cha Jeju, vinafikiwa kwa gari. Baba anaendesha, mama anapika, mwalimu wa mikwaju yuko saa mbili tu kutoka popote. Familia za gofu za Korea zimejengwa hivyo tangu enzi za Pak Se-ri, bingwa wa US Women's Open 1998, na baba yake, na mtu asiidharau faida hiyo.

Mfano mzuri wa aliyebaki ni Park Min-ji. Alishinda mara 6 mwaka 2021 na mara 6 tena 2022, na msimu wa 2021 pekee alikusanya zaidi ya won bilioni 1.5. Juni 2024 alitwaa Celltrion Queens Masters kwa mwaka wa nne mfululizo, jambo ambalo halijawahi kufanywa na mwingine kwenye mzunguko huo. Mama yake alikuwa kwenye timu ya mpira wa mikono iliyopata medali ya fedha Los Angeles 1984, kwa hiyo nyumbani kwao michezo ya kulipwa jasho si habari mpya. Alicheza mashindano machache ya nje, akarudi, na hesabu zake zikamkubali.

Kasoro zake? Msimu ukishaanza Aprili, wiki za kupumzika ni chache mno, na vifundo vya mikono na migongo hulipa. Raundi tatu zinamzoesha mtu kushambulia kuanzia shimo la kwanza. Akikutana na raundi nne kwenye kiwanja kigumu, ile pupa humtokea puani Jumamosi. Na pointi za orodha ya ubora duniani ni haba kuliko za LPGA, jambo linalogusa Olimpiki, nitalirudia.

(Kuna na kichekesho cha majina. Wanachama wenye jina moja hupewa namba. Lee Jeong-eun aliyeshinda US Women's Open 2019 ni wa sita kusajiliwa, ndiyo maana kwenye mabango anaandikwa Lee Jeong-eun6.)

JLPGA: ilikuwa njia ya wenye akili, sasa mlango umebanwa

Kabla ya Pak Se-ri alikuwapo Ku Ok-hee, Mkorea wa kwanza kushinda LPGA, huko Arizona mwaka 1988. Yeye maisha yake mengi ya kulipwa aliyamalizia Japan, na alishinda huko mara 23. Waliomfuata walifanya makubwa zaidi: kati ya misimu saba ya 2010 hadi 2016, Mkorea aliongoza orodha ya fedha ya Japan katika sita. Ahn Sun-ju aliongoza 2010, 2011 na 2014, Jeon Mi-jeong 2012, Lee Bo-mee 2015 na 2016. Lee Bo-mee mwaka 2015 alivuna zaidi ya yen milioni 230, na umaarufu wake Japan ulikuwa mkubwa kuliko wa Wajapani wengi.

Sababu ziko wazi. Kutoka Seoul hadi Tokyo ni ndege ya saa mbili na nusu hivi, na saa za ukutani hazibadiliki hata dakika moja. Mchezaji anaweza kumaliza Jumapili, akalala kwao Jumatatu, akarudi Jumatano. Mashindano mengi ni ya raundi tatu, viwanja vinafanana na vya Korea, mashabiki wana adabu na uaminifu, na ushindi 30 humpa mwanachama nafasi ya kudumu maisha yote. Kodi inayokatwa juu kwa juu kwa mgeni asiye mkaazi ni 20.42%, kwa hiyo mtu asihesabu zawadi kabla ya makato.

Ila sheria imebadilika. Hadi 2018 Mkorea aliweza kuingia moja kwa moja kwenye mchujo wa nafasi za Japan bila kuwa mwanachama wa chama. Tangu 2019 mchujo huo ni wa wanachama tu, na uanachama unapatikana kwa mtihani wa kulipwa ambao hupitisha takriban 20 kwa mwaka, kati ya mamia ya wasichana wa Kijapani wanaopiga kama mashine. Anayetaka kuukwepa mtihani ana dawa moja: apate mwaliko, kisha ashinde. Lee Hyo-song alifanya hivyo Mei 2024 akiwa mchezaji wa ridhaa wa miaka 15. Alipiga igo (mikwaju miwili pungufu ya kiwango cha shimo) kwenye shimo la 18, akatwaa Salonpas Cup, na kuwa mshindi mdogo kuliko wote katika historia ya JLPGA. Hiyo si njia ya kumshauri mtu aipange.

Kwa hiyo mtu akikuambia leo kwamba Japan ni chaguo la katikati lililo rahisi, anakupa ushauri wa 2015.

LPGA: thawabu kubwa, na mahali pengi pa kukwama

Julai 1998, US Women's Open, kiwanja cha Blackwolf Run, Wisconsin. Pak Se-ri, mwenye miaka 20, yuko shimo la 18 la raundi ya ziada dhidi ya Jenny Chuasiriporn, na mpira wake umelala kwenye ukingo wa bwawa. Akavua viatu na soksi, akaingia majini, akauchomoa. Alishinda shimo la 20 la siku ile. Wasichana waliokuwa na miaka kumi wakati huo, akina Park Inbee, Shin Ji-yai na Choi Na-yeon, ndio waliokuja kuutawala mchezo, na Choi akashinda US Women's Open palepale Blackwolf Run mwaka 2012. Kuanzia 2015 hadi 2019 mchezaji bora mpya wa LPGA alikuwa Mkorea kila mwaka: Kim Sei-young, Chun In-gee, Park Sung-hyun, Ko Jin-young, Lee Jeong-eun6.

Orodha hiyo inavutia, na ndiyo inayowadanganya wengi. Tazama walivyoingia.

Wengine walipitia mlango wa pembeni, yaani kushinda shindano la LPGA kabla ya kuwa wanachama. Kwa miaka mingi shindano la LPGA lililofanyika Korea ndilo lililotoa kadi, yaani haki ya kucheza mzunguko huo: Ahn Shi-hyun 2003, Lee Jee-young 2005, Hong Jin-joo 2006, Baek Kyu-jung 2014, Ko Jin-young 2017. Mchezaji alilala kwake, akala chakula cha mama, akashinda, akapata kadi ya Marekani. Tangu 2022 mlango huo umebanwa sana kwa wanachama wa KLPGA, kwa kuwa vyama viwili havikuelewana kuhusu shindano la BMW, ndilo hilo la LPGA linalofanyika Korea. Kilichobaki ni mialiko ya nje na mashindano makuu (yale yenye hadhi kubwa zaidi, kama US Women's Open). Kim A-lim alishinda US Women's Open Desemba 2020 huko Houston kwa birdi tatu (birdi ni mkwaju mmoja pungufu ya kiwango cha shimo) kwenye mashimo matatu ya mwisho. Hwang You-min alishinda LOTTE Championship Hawaii, Oktoba 2025, kwa mwaliko. Lotte ndiye mfadhili wake. Hapo unaona kofia inavyoweza kununua hata nafasi ya kujaribu.

Wengine walipitia mchujo wa kutafuta kadi. Lee Jeong-eun6 alishinda ule wa 2018, raundi nane kwa wiki mbili. An Na-rin alishinda wa 2021, Ryu Hae-ran wa 2022, naye Ryu akawa mchezaji bora mpya wa 2023. Mchujo wa mwisho wa 2024 ulichezwa Mobile, Alabama, raundi tano, na waliopita ni 25 bora na waliolingana nao, badala ya 45 wa awali. Aliye juu kwenye orodha ya ubora duniani huruka hatua za mwanzo, na hii ndiyo sababu ya kujenga pointi nyumbani kwanza. Kuanzia hatua ya kwanza ukiwa Mkorea ni kukaa miezi Marekani kwa gharama zako.

Njia ya tatu ni ya taratibu: ngazi ya pili ya Marekani. Park Inbee alicheza huko 2006, lakini yeye alikuwa ameshahamia Marekani tangu utotoni na alikuwa bingwa wa wasichana wa nchi hiyo mwaka 2002. Kwa anayetoka Seoul moja kwa moja, njia hii inachosha na hailipi.

Baada ya kuingia, mambo huharibika kwa namna tatu hivi.

Kwanza nyasi. Fewei nyingi za Korea (njia za nyasi fupi za kuelekea shimoni) zimepandwa zoisia, nyasi ngumu zinazoubeba mpira juu kama umewekwa kwenye brashi. Fimbo inapita chini yake bila taabu, na mchezaji hujenga mkwaju wa kufagia. Akifika Florida anakuta nyasi za bermuda zilizokatwa chini kabisa. Mpira umekaa ardhini, na karibu na grini (eneo laini lenye shimo) majani yameelekea upande mmoja. Asipougusa mpira kabla ya udongo, fimbo inakwama na mpira unasogea hatua mbili. Hitilafu hii haionekani kwenye mikwaju mirefu. Inaonekana kwenye ile midogo ya mita 20, na ndiyo hupoteza mkwaju mmoja kwa raundi. Mkwaju mmoja kwa raundi ni mikwaju minne kwa shindano, na hiyo ndiyo tofauti ya kumi bora na arobaini.

Pili mwili na saa. Tofauti ya saa kati ya Seoul na pwani ya mashariki ya Marekani ni 13 au 14 kutegemea majira, na kalenda ya LPGA huwarudisha wachezaji Asia mara mbili kwa mwaka, kisha Ulaya, kisha Marekani tena. Park Sung-hyun alikuwa na msimu wa kwanza wa ajabu 2017: US Women's Open, uongozi wa fedha, na mchezaji bora wa mwaka kwa kulingana na Ryu So-yeon. Bega lilipomuumia baadaye, hakurudi kuwa yule.

Tatu upweke. Jang Ha-na alikuwa akishinda. Alichukua Australian Open Februari 2017, na Mei mwaka huohuo akarudisha kadi, akarudi Korea kuwa na familia yake. Hakushindwa na mchezo. Baek Kyu-jung naye alirudi. Lugha imepungua makali: mwaka 2008 LPGA ilitaka kuwasimamisha wasiojua Kiingereza cha kutosha, wakati huo ikiwa na Wakorea 45, kelele zikapigwa na mpango ukafutwa ndani ya wiki mbili. Lakini mahojiano, mikataba na daktari bado ni vya Kiingereza.

Urefu wa mpira, ambao wazazi wengi huutaja kwanza, si kigezo kikuu. Park Inbee hakuwa mpigaji wa mbali, na ana mataji 7 makuu na dhahabu ya Rio. Ko Jin-young mwaka 2019 alicheza mashimo 114 mfululizo bila bogi moja (mkwaju mmoja zaidi ya kiwango cha shimo), kwa mikwaju sahihi ya fimbo za chuma na mikwaju iliyotulia kwenye grini, na akaja kukaa namba moja duniani kwa wiki nyingi kuliko mwanamke yeyote.

Aliyejaribu yote matatu

Shin Ji-yai ndiye kipimo bora, kwa sababu aliyapitia kwa mpangilio. Aliongoza orodha ya fedha ya Korea 2006, 2007 na 2008. Katika 2008 hiyohiyo, bila uanachama, alishinda mara tatu kwenye LPGA, ikiwamo Women's British Open ya Sunningdale. Alipoingia rasmi 2009 aliongoza fedha na kuwa mchezaji bora mpya. Mei 2010 akawa Mwasia wa kwanza kuwa namba moja. Mwaka 2012 alitwaa tena British Open, Hoylake, kwa tofauti ya mikwaju 9. Mwanzoni mwa 2014 akaiacha LPGA, akahamia Japan.

Wengi waliona amejishusha. Mwaka 2018 alishinda mataji makuu matatu ya Japan kwa msimu mmoja. Mwaka 2023, akiwa na miaka 35, alimaliza wa pili US Women's Open ya Pebble Beach na wa tatu Women's Open ya Uingereza, akienda huko kwa ubora wake wa dunia. Mei 2025 alishinda Salonpas Cup. Wenzake wengi wa rika lake walikuwa wameshastaafu. Kilichomrefushia maisha ni safari fupi na wiki za kulala kwake.

Alichokikosa ni Olimpiki. Aliitaka Paris 2024, hakufika. Nchi hupeleka hadi wachezaji wanne wakiwa ndani ya 15 bora duniani, na Korea imetumia nafasi 11 katika Rio, Tokyo na Paris. Zote 11 zilikwenda kwa wachezaji wa LPGA. Yang Hee-young alijipatia ya Paris kwa kushinda taji kuu moja, KPMG ya Juni 2024. Anayeota medali asibaki nyumbani, hilo halina mjadala.

Nani aende wapi

Mwenye miaka 19 hadi 21 aliyetoka Dream Tour: abaki KLPGA angalau misimu miwili, hata kama anashinda. Anahitaji kofia nzuri, pointi za dunia, na kujua mwili wake unastahimili mashindano mangapi.

Aliye namba 10 hadi 40 Korea, mwenye familia ya karibu na mfadhili thabiti: abaki. Marekani itamla.

Aliyeshinda mara kadhaa, yuko juu kwenye ubora wa dunia na umri bado 22 hadi 25: aende LPGA, ila aende na kedi anayezijua grini za kule na mtu wa kukaa naye mwaka wa kwanza. Asipime kwa msimu mmoja. Yoon Ina aliongoza fedha za Korea 2024, akapita mchujo akiwa wa nane, na 2025 yake huko ikapita bila ushindi; hilo ni jambo la kawaida.

Japan ni ya aliye tayari kujifunza Kijapani na kukaa kwenye mtihani, au mkongwe anayepata mwaliko na bado ana mkono wa kushinda.

Kisha kuna hesabu ya kalenda, ambayo huwaponza hata wenye washauri. Mtihani wa Muan ni Novemba, mchujo wa Japan huishia mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, na wa Alabama ni Desemba. Huwezi kujiandaa kwa vyote. Njia salama ni kumaliza ndani ya 60 bora Korea, ili Muan isikuhusu, kisha kupanda ndege mapema uzoee saa na bermuda kwa wiki mbili kabla ya raundi ya kwanza. Ukishindwa Alabama, unarudi na nafasi yako ya KLPGA ikiwa mkononi. Aliye nafasi ya 65 asiende Alabama kabisa mwaka huo. Akajiandae kwa upepo wa Muan.